Aliyeelezea Vizuri Ndiye Aliyepewa Jina

Uliza mtandaoni ni nani wa kwanza kuonyesha mwanga ukifuata maji yanayopinda, na mara nyingi utaletewa jina moja: John Tyndall, London, 1854. Vidio fupi zinarudia hivyo na sisi tunasambaza. Shida ni kwamba kitu hicho kilikuwa kimeshaonyeshwa Geneva, Uswisi, mwaka 1841. Miaka 13 kabla. Aliyekionyesha anaitwa Jean-Daniel Colladon.

Sasa jiulize huyo Tyndall alikuwa nani. Alikuwa mwanasayansi, tena mzuri, lakini kilichomfanya ajulikane mtaani ni kuongea. Alisimama mbele ya watu wa kawaida, akawaonyesha vitu vya kushangaza, akaeleza hadi wakaelewa. Kwa lugha ya leo, jamaa alikuwa mtu wa kontenti. Ndiyo maana hii stori naiona inatuhusu sisi tunaoishi kwa kuelezea vitu ambavyo hatukuvumbua.

Kwanza tuelewane kuhusu chenyewe, juu bila hapo kelele zote za majina hazina maana.

Mwanga ukitoka kwenye maji kwenda hewani, unapinda. Ndiyo sababu kijiko ndani ya glasi ya maji huonekana kama kimevunjika. Sasa fikiria tochi iko chini ya maji, inamulika juu. Ukiielekeza wima, mwanga unatoka moja kwa moja. Ukianza kuilaza kidogo kidogo, mwanga unaotoka hewani unalala zaidi kuliko tochi yenyewe. Unazidi kulala, unazidi kulala, mpaka unafika mahali ambapo mwanga unaotoka unateleza juu ya uso wa maji kabisa. Kwa maji, hapo ni kama digrii 48 na nusu kutoka wima. Tuite hiyo pembe ya kikomo.

Je, ukipita hapo? Mwanga hauna pa kutokea. Hakuna pembe iliyobaki hewani ya kuupokea. Basi unarudi wote ndani ya maji. Si nusu, si asilimia 90. Wote. Kioo cha kujitazama nyumbani hula kiasi cha mwanga kila unapogonga, lakini uso wa maji ukipigwa kwa pembe hiyo hauli kitu. Jaza glasi safi maji, iinue juu ya macho yako, kisha tazama ule uso wa maji kutoka chini. Utaona unang'aa kama fedha. Hiyo ndiyo yenyewe.

Masharti ni mawili tu. Moja, mwanga uwe unatoka mahali unapokwenda polepole, kama maji au kioo, ukielekea mahali unapokwenda kasi zaidi, kama hewa. Mbili, ugonge mpaka kwa kulala kupita ile pembe ya kikomo. Shika hayo mawili. Sharti la kwanza litarudi baadaye, na litasumbua watu wakubwa kwa miaka mingi.

Sasa turudi kwa majina.

Ile sheria ya kupinda kwa mwanga inaitwa sheria ya Snell. Willebrord Snell alikuwa Mholanzi, na aliifikia mwaka 1621. Hakuichapisha. René Descartes ndiye aliyeichapisha mwaka 1637, kwa hivyo Wafaransa wengi wanaiita ya Descartes. Lakini Baghdad, karibu mwaka 984, msomi anayeitwa Ibn Sahl alikuwa ameandika kuhusu lenzi za kukusanya jua hadi liunguze, na ndani ya michoro yake sheria hiyohiyo imo. Dunia ilikuja kulitambua hilo vizuri mwaka 1990 hivi, baada ya mwanahistoria Roshdi Rashed kusoma maandiko hayo. Zaidi ya miaka elfu moja buda anasubiri.

Kuhusu mwanga kurudi wote ndani, Johannes Kepler aliandika juu yake mwaka 1611, kwenye kitabu chake Dioptrice. Alijua kwamba ndani ya kioo kuna pembe, kama digrii 42, ambayo ukiipita mwanga hautoki. Kumbuka Kepler alijua haya kabla hata Snell hajaipata sheria kamili.

Kwa hivyo 1841 hakuna aliyekuwa anatafuta ugunduzi mpya. Colladon alikuwa na shida ya kawaida kabisa, ile ya mwalimu yeyote. Alikuwa anafundisha Geneva juu ya venye maji huruka yakitoka kwenye tundu la tangi, na watu ndani ya ukumbi hawakuwa wanaona vizuri. Mchirizi wa maji ni mwembamba na hauna rangi. Ukiwa nyuma huoni chochote.

Akafanya hivi. Akaingiza mwanga wa jua ndani ya ukumbi uliotiwa giza, akaupitisha kwenye tangi la maji, akaulenga kwenye lile tundu kwa kutumia lenzi. Maji yakatoka, yakapinda kuelekea chini kama kawaida, na mwanga ukapinda nayo. Haukuendelea mbele hewani. Ulinaswa ndani ya mchirizi, ukawa unagonga ukingo huu na kurudi, unagonga ule na kurudi, mpaka pale maji yalipopiga chini na kutawanyika. Hapo ndipo ulipotoka, kama taa.

Mwanga wenyewe huenda moja kwa moja kati ya mgongo mmoja na mwingine. Haujajifunza kupinda. Kinachopinda ni njia.

Colladon aliandika kuhusu jambo hilo mwaka 1842 kwenye jarida la Akademia ya Sayansi ya Paris. Mwenzake wa Paris, Jacques Babinet, akasema naye amefanya mambo kama hayo, na kwamba kijiti cha kioo kilichopindwa kinaweza kufanya kazi hiyohiyo, kwa mfano kumulika ndani ya mdomo wa mtu. Mwaka 1853 ule ujanja wa Colladon ukatumika kwenye jukwaa la Opera ya Paris. Kwa hivyo halikuwa jambo la siri. Lilikuwa limeandikwa na limeonyeshwa jukwaani.

Halafu 1854, Tyndall akiwa bado kijana wa miaka 33, anasimama Royal Institution kule London. Alihitaji kitu cha kuonyesha, na mkubwa wake, Michael Faraday, akampa wazo la mchirizi wa maji. Akafanya, watu wakashangaa, na jina la Colladon halikuwa sehemu ya hadithi. Baadaye Tyndall akaandika juu ya mwanga kurudi wote ndani kwenye maelezo yake ya mwaka 1870, kwa Kiingereza kilichonyooka, na vitabu vilivyofuata vikachukua kutoka kwake. Kufika 1884, Colladon ana miaka 81, bado anaandika makala kwenye jarida la La Nature akielezea chemchemi yake. Mzee alikuwa anakumbusha watu.

Simwiti Tyndall mwizi. Huenda aliamini kila mtu anajua, au hakujua mwenyewe. Lakini angalia kilichotokea: watu hawakumkumbuka aliyeanza. Walimkumbuka aliyewaelewesha. Kuelezea vizuri kuna nguvu kubwa hivyo. Ukielezea kitu vizuri bila kutaja ulikokitoa, kitu kinakuwa chako hata kama hukukiomba.

Najua mtu ataniambia, sawa, wote wameshakufa, inamsaidia nani? Hili ndilo jibu langu, na halihusu adabu peke yake. Ukifuta majina unafuta pia ile kazi iliyokuwa katikati. Unabaki na hadithi ya uongo: jamaa mmoja mwerevu aliona mwanga ndani ya maji, halafu sisi tukapata intaneti. Kijana wa Fomu ya Tatu akisikia hivyo anaondoka akidhani vitu vinatengenezwa na wazo moja la ajabu kichwani mwa mtu mmoja wa ajabu. Na kwa sababu yeye hana wazo la ajabu, anajitoa.

Ukweli ni kwamba wazo lilikuwepo tangu Kepler na onyesho tangu Colladon. Na bado kwa zaidi ya miaka mia moja likabaki mchezo. Watu walitengeneza chemchemi za rangi kwa maonyesho makubwa, kama yale ya Paris ya 1889. Zilikuwa safi sana kwa macho, lakini kazi halisi kidogo mno. Kwa nini?

Fuata majina uone.

Mwaka 1930, mjini Munich, mwanafunzi wa udaktari Heinrich Lamm alitaka kuona ndani ya tumbo la mgonjwa bila kumsukumia bomba gumu. Akapanga nyuzi nyembamba za kioo zikawa fungu, akapitisha picha ya waya wa balbu upande mmoja, ikatokea upande wa pili. Ilikuwa hafifu lakini ilitokea, hata nyuzi zikiwa zimepindwa. Lamm alikuwa Myahudi. Hitler alipochukua nchi, ilimbidi ahame na kuishia Marekani, na kazi hiyo ikalala.

Tarehe 2 Januari 1954, jarida la Nature likachapisha taarifa mbili kwenye toleo moja. Moja ya Abraham van Heel wa Uholanzi. Nyingine ya Harold Hopkins na mwanafunzi wake kutoka India, Narinder Kapany, waliokuwa London. Wote walikuwa wanapitisha picha kwenye mafungu ya nyuzi. Lakini van Heel alikuwa na kitu cha ziada, na wazo hilo alilipata kwa Mmarekani Brian O'Brien: funika kila uzi kwa tabaka la kitu kingine.

Hapa ndipo lile sharti la kwanza linarudi. Uzi wa kioo ukiwa uchi, mpaka wake ni hewa, na mwanga unarudi ndani vizuri. Lakini uguse uzi mwingine, au uushike kwa kidole chenye mafuta, na pale ulipogusa hakuna hewa tena. Mwanga unapata mlango, unatoka. Fungu la maelfu ya nyuzi zinazogusana linavuja kila mahali. Ukiufunika uzi kwa tabaka ambalo mwanga hupita kasi kidogo kuliko ndani ya kioo cha katikati, mpaka unakuwa ndani, umelindwa. Unaweza kuushika utakavyo.

Van Heel alitumia plastiki na nta. Aliyefanikiwa kufunika kioo kwa kioo ni Lawrence Curtiss, Desemba 1956, Chuo Kikuu cha Michigan. Alichukua kijiti cha kioo, akakivalisha mrija wa kioo cha aina nyingine, akaviyeyusha pamoja na kuvivuta vikawa uzi mmoja. Curtiss alikuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Wakubwa wake hawakuwa na imani sana na wazo hilo, na alilijaribu wao wakiwa safarini kwenye mkutano. Miezi michache baadaye daktari Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini, akawa anatazama ndani ya matumbo ya watu kwa chombo chenye nyuzi hizo. Wa kwanza kukimeza alikuwa yeye mwenyewe.

Na mimi niliyeacha chuo njiani ndiye wa kwanza kukwambia: hiyo si hadithi ya "shule haina maana." Curtiss alikuwa na tanuri, vioo, na watu waliokuwa wamehangaika na tatizo hilo kabla yake. Alichokuwa nacho cha kwake ni kwamba alijaribu.

Basi kioo kimevalishwa, mwanga hauvuji. Mbona bado hakukuwa na simu za kupitia kioo? Kwa sababu kioo chenyewe kilikuwa kinakula mwanga. Mwanga unarudi wote pale ukingoni, sawa, lakini katikati ya safari unamezwa. Kioo kizuri cha wakati huo kilikubakishia karibu asilimia 1 ya mwanga baada ya mita 20 hivi. Mita 20 ni kutoka geti hadi nyuma ya ploti. Kwa tumbo la mgonjwa inatosha. Kwa kuunganisha miji, sahau.

Mwaka 1966, Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai, na mwenzake George Hockham, wakifanya kazi Harlow, Uingereza, waliandika kwamba kosa si la kioo. Ni uchafu uliomo ndani yake, vyuma kama chembe za ayani. Ukiusafisha kioo vya kutosha, walisema, lengo la kubakiwa na asilimia 1 baada ya kilomita nzima linafikika, na hapo mawasiliano yanawezekana. Wengi hawakushtuka. Kao akazunguka dunia akiwabembeleza watengenezaji wa vioo.

Mwaka 1970, watu watatu wa kampuni ya Corning, Marekani, yaani Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz, wakavuka lengo hilo. Wakabakiwa na kama asilimia 2 baada ya kilomita moja. Leo nyuzi za kawaida zinakubakishia asilimia 95 baada ya kilomita moja, na ile asilimia 1 unaifikia baada ya kilomita kama 100.

Tazama hiyo safari: mita 20, kilomita 1, kilomita 100. Sheria ya mwanga haikubadilika hata kidogo tangu Kepler. Kilichobadilika ni usafi wa kioo, kazi ya tanuri na subira ambayo hakuna mtu angeitengenezea vidio.

Sasa njoo nyumbani. Kabla ya 2009 Kenya ilikuwa inategemea satelaiti kuongea na intaneti ya dunia. Data inapanda angani kilomita kama 36,000, inashuka, na bei yake haikuwa ya mtu wa kawaida. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zikafika Mombasa. SEACOM ikawashwa Julai. TEAMS, inayotoka Mombasa hadi Fujairah kule Emirati, nayo ikafika mwaka huohuo. Ndani ya nyaya hizo kuna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na mwanga ambao jicho halioni unagonga ukingo na kurudi, unagonga na kurudi, ukitiwa nguvu upya njiani, kwa kasi ya kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Mchirizi wa Colladon, isipokuwa huu umelala chini ya Bahari ya Hindi.

Na mwaka huohuo wa 2009, Oktoba, Charles Kao akatangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Alikuwa tayari ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na mkewe Gwen ndiye aliyetoa mhadhara wake kule Stockholm. Hockham, aliyeandika naye ile karatasi ya 1966 na aliyekuwa hai, hakuwemo. Kapany, aliyelitangaza jina la kazi yenyewe duniani, naye hakuwemo. Nusu nyingine ya tuzo ilienda kwa watu wa kazi tofauti kabisa. Sheria za Nobel haziruhusu zaidi ya watu watatu, na lazima kuna atakayebaki nje. Mimi na wewe hatuna sheria kama hiyo.

Hoja ya watu wangu wa kontenti naijua, nimeisikia mara nyingi: ukijaza majina, watu wanahama. Sekunde tatu umewapoteza. Ni kweli kwamba majina kumi ya mfululizo yanachosha. Lakini shida yetu huwa hatuchoshi mtu kwa kutaja majina mengi. Tunachagua moja, lile lililotajwa na vidio tuliyoitoa kwayo, tunaendelea. Na hata hiyo vidio tuliyoitoa kwayo hatuitaji. Tunalalamika mtu akichukua vidio yetu na kukata jina letu pembeni, kisha jioni tunakaa kuandika skripti kutoka kwenye kazi ya mtu mwingine tukiwa tumefunga midomo.

Ninachotaka ni kidogo. Ukieleza kitu, sema wewe ni wa kueleza. Taja angalau mtu mmoja aliye nyuma ya yule maarufu. Na kama unajua kilichokuwa kigumu, kiseme, kwa sababu hapo ndipo kijana anayekutazama anapoweza kujiona. Hawezi kujiona kama Kepler. Anaweza kujiona kama mwanafunzi aliyebaki maabara wakubwa wakiwa safarini, akayeyusha kioo juu ya kioo aone itakuwaje.

Umesoma hii kupitia nyuzi zilezile, karibu hakika. Sehemu fulani ya njia, maneno haya yalikuwa mwanga ulionaswa ndani ya kioo. Kusema "Colladon, Geneva, 1841" kwenye vidio kunachukua sekunde tatu. Mwanga una muda wa kutoka Mombasa hadi Fujairah na kurudi zaidi ya mara hamsini, na bado hujamaliza kulitamka jina.